Kabureta Isihukumiwe Kabla ya Ushahidi

Kutoka Vurra, penye mpaka wa Uganda na Kongo, barabara ya lami hupita Arua, ikaingia Koboko, ikaishia Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Urefu wake ni kilometa 92, na mgeni aipitaye kwa gari hudhani kwamba nchi hii imekwisha kupata njia. Lakini mwananchi wa Vurra haishi juu ya lami. Nyumba yake, shamba lake la muhogo na shule ya watoto wake viko ndani, mwisho wa vijia vyekundu ambavyo wakati wa mvua huwa utelezi, na kuanzia Desemba hadi Machi huwa unga wa vumbi. Ndiyo maana askari na watumishi wengi wa upande huo hupendelea zile pikipiki ndefu za magurudumu yenye meno, ziwezazo kwenda lami asubuhi na kuvuka kijito jioni.

Pikipiki za namna hiyo si jambo geni. Kampuni ya Yamaha ilitoa DT-1 mwaka 1968, na wadogo zake wa sentimeta za ujazo 125 wakaenea Afrika Mashariki yote mikononi mwa mabwana shamba, wauguzi, mapadri na mashirika ya misaada. Honda nayo ilileta XL. Mashirika yanapozichoka huziuza kwa mnada, na wananchi huzinunua. Huanza hapo maisha ya pili ya pikipiki, ambayo aghalabu huwa marefu kuliko yale ya kwanza, na yenye mafundi wengi zaidi.

Koplo mmoja wa polisi aliyekuwa akifanya kazi upande wa mpakani aliipata DT 125 yake kwa njia hiyo. Usiku mmoja wa Januari mtoto wake wa miaka minne alishikwa na homa kali, kisha degedege. Mama akamfunga kwa kitenge kifuani, akapanda nyuma ya mumewe, wakashika njia ya kwenda hospitali ya Arua. Walikuwa hawajafika nusu ya safari pikipiki ilipoanza kukohoa, ikapoteza nguvu, ikafa. Koplo alipiga kiki mpaka jasho likamwingia machoni. Bahati ilikuwa upande wao, kwa kuwa kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa akirudi mjini alisimama, akawachukua mama na mtoto. Mtoto alitibiwa, akapona. Baba alibaki gizani na pikipiki yake. Baada ya robo saa hivi alipiga kiki tena, nayo ikawaka kwa pigo la kwanza, kana kwamba haikufanya kosa lolote. Hilo ndilo lililomtia hasira kuliko yote.

Juma lile lile alinunua kabureta nyingine, kubwa kuliko ya zamani. Muuzaji alimwambia kwamba itaiongezea pikipiki nguvu na kuondoa ugonjwa kwa mara moja. Akaipeleka kwa mzee mmoja wa Arua aliyejifunza ufundi katika karakana ya jeshi zamani, mtu wa maneno machache na bisibisi nyingi.

"Habari ya kazi, mzee. Nifungie hii. Ile yangu imekufa."

Mzee aliitazama kabureta mpya, akaiweka juu ya rafu. "Afande," akasema, "wewe ukikamata mtu huanza kwa kumhukumu, au kwa kumhoji?"

Koplo akanyamaza.

"Basi nijibu. Ilipozima, ilizima ghafla kama taa, au ilikohoa kwanza?"

"Ilikohoa, ikaishiwa na nguvu, ndipo ikazima."

"Kabla ya kuwaka tena, uligusa nini?"

"Sikugusa kitu. Nilifungua tu kifuniko cha tangi, nikamulika tochi kutazama kama petroli imo."

"Ukasikia nini?"

Koplo alifikiri kidogo. "Ilivuta pumzi, mzee. Kama mtu aliyeibuka majini."

Hapo mzee akacheka, kwa maana ugonjwa ulikuwa umekwisha kujitaja.

KAZI YA KABURETA

Ili msomaji aelewe kicheko kile, hapana budi afahamu kwanza kazi ya chombo chenyewe. Petroli haiwaki vizuri ikiwa maji maji. Huwaka ikiwa mvuke uliochanganyika na hewa. Kipimo kinachounguza petroli yote bila kubakiza ni sehemu 14 na kitu za hewa, kwa uzito, kwa sehemu moja ya petroli. Kazi ya kabureta ni kupika mchanganyiko huo kila dakika, polepole na kwa kasi, mlimani na bondeni.

Chini yake kuna bakuli. Petroli hushuka humo kutoka kwenye tangi kwa uzito wake wenyewe. Ndani ya bakuli huelea boya, nalo likipanda husukuma sindano fupi inayoziba mlango wa petroli. Likishuka, mlango hufunguka. Kwa hiyo bakuli halikauki wala halifuriki, mradi boya na sindano yake ni wazima. Juu ya bakuli hupita njia ya hewa iliyobanwa katikati. Hewa inayovutwa na injini hulazimika kukimbia mahali pale pembamba, na hewa ikimbiayo hupungua msukumo, basi petroli hupanda kutoka katika bakuli na kurushwa kama manyunyu.

Petroli hiyo hupimwa na vitu vitatu. Jeti ndogo hufanya kazi injini inapounguruma bila mwendo na mkono wa resi unapofunguliwa kidogo tu. Sindano ndefu, inayoning'inia katika kile kipande kipandacho na kushuka ambacho mafundi hukiita silaidi, hutawala sehemu ya katikati, kuanzia kama robo hadi robo tatu ya resi. Jeti kubwa hutawala pale resi inapokaribia kufunguliwa yote. Fundi anayejua mgawanyo huu hahitaji kufungua kila kitu. Huuliza tu pikipiki inasumbua resi ikiwa wapi, kisha huenda moja kwa moja kwenye mhusika.

Lakini haya yote hutegemea petroli ishuke kutoka tangini, na petroli haitashuka ikiwa hewa haiingii kujaza nafasi yake. Katika kifuniko cha tangi kuna tundu dogo kwa ajili ya hewa hiyo. Tundu la koplo lilikuwa limezibwa na udongo mwekundu. Kila alipotoka nyumbani na kwenda kilometa chache, tangi lilikuwa likijinyonga lenyewe mpaka petroli ikakataa kushuka. Alipofungua kifuniko, hewa iliingia, na pikipiki ikafufuka. Kabureta haikuwa na hatia hata kidogo.

MAKOSA YALIYOZAANA

Kama hadithi ingeishia hapo, dawa ingekuwa kipande cha waya na dakika mbili. Kumbe pikipiki ile ilikuwa imekwisha kuzima mara mbili kabla ya usiku ule, na mara zote mbili ilipelekwa kwa watengenezaji wa kando ya barabara. Wa kwanza aliamua kwamba jeti kubwa imeziba, akaichokoa kwa waya wa chuma. Jeti hutengenezwa kwa shaba nyeupe, madini laini, na tundu lake hupimwa kwa sehemu za mia za milimeta. Waya wa chuma ukipitishwa humo mara tatu tundu huwa pana, na namba iliyochapwa juu ya jeti huwa ya uongo. Tangu siku hiyo pikipiki ilianza kutoa moshi mweusi na kunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi. Wa pili alipoona moshi alisema injini haipati hewa ya kutosha, akaliondoa chujio la hewa na kulitupa. Moshi ukapungua, koplo akashukuru na kulipa.

Alilipa, kwa kweli, ili vumbi la Januari liingie ndani ya silinda. Mzee alifungua bomba la moshi na kumwita koplo achungulie. Injini ya mipigo miwili ina fadhila hii, kwamba pistoni yake huweza kuonekana kupitia tundu la kutolea moshi bila kubomoa kitu. Ubavuni mwa pistoni kulikuwa na mikwaruzo myembamba iliyosimama wima, kana kwamba paka amepita. "Hii bado itatembea," mzee akasema. "Lakini ungeendelea hivi mpaka mvua ya Aprili, ungekuja kuchonga silinda na kununua pistoni."

Msomaji na azingatie jinsi makosa yale yalivyozaana. Tundu la kifuniko liliziba, jeti ikaadhibiwa. Jeti ilipoharibika, chujio likaadhibiwa. Chujio lilipotupwa, silinda ikaanza kulipa. Na sasa kabureta nzima ilikuwa karibu kufukuzwa kazi.

NJIA YA UCHUNGUZI

Mwenye pikipiki aweza kufanya uchunguzi wa kwanza mwenyewe, bila kumlipa mtu, na yafaa aanzie juu ashuke chini.

Kwanza ni tangi. Kifuniko kikifunguliwa na kuvuta pumzi, tundu limeziba. Kisha koki: mpira wa mafuta uchomolewe upande wa kabureta na kuelekezwa katika chupa; petroli yapasa kutiririka bila kusita. Ikidondoka tone tone, kichungi cha koki kina uchafu, au tangi lina kutu.

Halafu petroli yenyewe. Wakazi wa Arua wanaujua mji ambao kwa miaka mingi petroli ilikuwa ikiuzwa kando ya barabara katika majerikeni na chupa na vijana waliojiita OPEC, petroli nyingi ikitoka ng'ambo ya mpaka bila ushuru. Biashara hiyo iliwalisha wengi, na si kazi ya makala haya kuihukumu. Lakini petroli iliyohamishwa chombo mara nne huokota maji, mchanga, na wakati mwingine huchanganywa na mafuta ya taa ili iongezeke. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Ifunguliwe, petroli ikingwe katika gilasi nyeupe: maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hukaa chini yakiwa shanga shanga. Mafuta ya taa hutambulikana kwa karatasi. Tone la petroli safi hukauka upesi na kuondoka lote. Lenye mafuta ya taa huchelewa kukauka na huacha doa la mafuta.

Baada ya petroli, hewa na cheche. Chujio la sponji lioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, likaushwe kivulini, lipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Wakati wa vumbi, mtu wa Vurra atafanya hivyo kila juma. Mpira unaoiunganisha kabureta na injini ukunjwe kwa mkono ili mipasuko ionekane, maana hewa ikiingia kwa mlango wa wizi mchanganyiko huwa mkavu. Injini ikiwa inaunguruma, mpira ule unyunyiziwe maji. Mlio ukibadilika, mwizi amepatikana.

Plagi ndiyo shahidi mkuu. Pikipiki iendeshwe kilometa kadhaa kwa resi ya kawaida, izimwe, plagi ichomolewe. Rangi ya kahawia ni afya. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi au hewa chache. Weupe kama chokaa ni petroli chache, na weupe huo uogopwe kuliko weusi. Petroli ikizidi huchafua plagi na kumaliza mfuko. Ikipungua, injini hupata joto kali, na pistoni ya mipigo miwili huweza kushikamana na silinda katikati ya mwendo, gurudumu la nyuma likakwama ghafla na kumtupa mpandaji. Aliyebeba mkewe na mtoto nyuma na akumbuke hilo kabla ya kukubali kubana petroli eti apunguze gharama.

Choki nayo husaidia kuhoji. Injini ikiwa moto inasumbua, choki ivutwe kidogo: ikipata nafuu, ilikuwa na njaa ya petroli, ikizidi kuugua, ilikuwa imevimbiwa.

Ikiwa hayo yote ni safi, hapo tu ndipo kabureta ifunguliwe. Jeti zipulizwe kwa upepo wa pampu ya magurudumu. Ikibidi kuchokoa, utumike uzi wa nailoni kama ule wa wavuvi wa Rhino Camp, wala si waya. Bakuli likifurika, ncha ya sindano ya boya itazamwe: ikiwa na mviringo uliochimbika, imekwisha. Dosari hii ni mbaya pia kwa wale wenye Boxer, TVS na Senke za mipigo minne, kwa sababu petroli inayovuja usiku huweza kuteremka katika oili ya injini. Kijiti cha kupimia oili kikionyesha kwamba oili imeongezeka pasipo kuongezwa na mtu, kinuswe; kikinuka petroli, pikipiki isiwashwe mpaka oili ibadilishwe na sindano ipatikane.

KUHUSU KABURETA KUBWA

Sasa yafaa kuzungumza juu ya kile kilichokuwa juu ya rafu ya mzee. Watu wengi hudhani kwamba koo pana huleta nguvu nyingi, jinsi mlango mpana unavyopitisha watu wengi. Katika mashindano, ambako mpandaji hufungua resi yote kutwa nzima, pana ukweli ndani yake. Lakini petroli hupanda kwa sababu hewa inakimbia. Koo likipanuliwa na injini ikabaki ile ile, hewa hupita polepole, petroli hupanda kwa uvivu na kwa matone makubwa, na pikipiki huwa nzito pale hasa inapohitajika: resi ndogo, kwenye matope, na mizigo nyuma. Zaidi ya hayo, kabureta ya pikipiki nyingine huja na jeti za pikipiki nyingine. Hata namba hazisaidii, maana Keihin na Mikuni hazipimi jeti zao kwa kipimo kimoja. Jeti ya 100 ya huyu si sawa na ya 100 ya yule.

Wako pia wasemao kwamba jeti za kiwandani hazifai Arua kwa sababu ya mwinuko. Arua iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 10. Ni kweli kwamba hewa nyepesi hufanya mchanganyiko uwe na petroli zaidi kidogo. Lakini tofauti hiyo huvumilika. Mtu huteremka kutoka Arua mpaka Pakwach kando ya Nile, mita 600 na ushei tu, akarudi siku hiyo hiyo, na kabureta nzima haimlalamikii. Panapohitajika marekebisho madogo, kuna kibanio cha sindano ndefu, ambayo kwa kawaida ina vikato vitano. Kibanio kikishushwa kikato kimoja, sindano hupanda na petroli huongezeka, kikipandishwa, hupungua. Kisogezwe kikato kimoja tu kwa safari moja, kisha plagi itazamwe.

Kuboresha kwa kweli, basi, kwa pikipiki ya zamani, ni kuirudishia ilichozaliwa nacho: jeti mpya za namba ya kiwandani, sindano mpya ya boya, gasketi ya bakuli, mpira mzima, chujio la hewa, na chujio dogo la petroli katikati ya mpira wa mafuta. Hicho cha mwisho hakikuwa katika pikipiki nyingi zilipotoka kiwandani, lakini kwa petroli ya majerikeni ni kitu cha thamani kuliko bei yake. Kabureta nzima hubadilishwa pale silaidi inapokuwa imelika hata ikagonga gonga ndani ya nyumba yake, maana hewa ipitayo ubavuni haizuiliwi na jeti yoyote. Na hapo inunuliwe ya kipimo kile kile.

NENO KWA WALIO NYUMBANI

Kazi hii hufanyiwa uani mara nyingi, na uani ndipo palipo na jiko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji na huweza kulifikia jiko la mkaa lililo mbali kidogo, kisha moto ukarudi nao mpaka kwenye bakuli. Kabureta ifunguliwe mchana, mahali penye upepo, moto ukiwa umezimwa na watoto wakiwa wameondolewa. Beseni la kuoshea vyombo lisitumike. Petroli isivutwe kwa mdomo kupitia mpira, kwa kuwa ikiingia mapafuni huua, na ile iliyobaki isihifadhiwe katika chupa ya soda ambayo mtoto ataidhania soda.

Mzee alizibua tundu la kifuniko mbele ya koplo, akamwekea jeti mpya na kumwonyesha, akizielekeza mbinguni mbili pamoja, jinsi ile ya zamani ilivyokuwa ikipitisha mwanga mwingi kuliko mwenzake wa namba ile ile. Akaweka chujio la hewa na lile dogo la petroli. Skrubu ya hewa aliifunga polepole mpaka ikagusa, kisha akaifungua mzunguko mmoja na nusu, akasikiliza, akaongeza kidogo. Kazi yote haikuzidi asubuhi moja.

Koplo aliambiwa aende mpaka Vurra na kurudi bila kusimama. Aliporudi, mzee alichomoa plagi ikiwa bado moto, akaishika kwa kitambaa na kuitazama juani. Ilikuwa kahawia, kama ganda la muhogo mkavu. Akairudisha mahali pake. Kisha akaichukua ile kabureta kubwa juu ya rafu na kumkabidhi koplo pamoja na karatasi ya dukani, akimshauri awahi kabla muuzaji hajafunga.

Mama watoto, alipopelekewa habari hizo jioni, aliuliza jambo moja tu: lile tundu liko wapi. Akaonyeshwa. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi anapofua sare za mumewe, hulipitishia sindano yake ya kushonea.